Mstari Ukififia: Majibu kuhusu Tepe za Kupima Sumukuvu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu tepe za kupima sumukuvu, vipande vinavyonywa maji ya sampuli na kuonyesha mistari ya rangi, hasa zile zinazopima sumu zaidi ya moja kwa pamoja. Kwa msomaji mgeni: sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka, na mwaka 2004 aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote kwa jumla, 5 kwa aflatoksini B1 peke yake, na miligramu 2 kwa kilo kwa fumonisini. Shikeni tarakimu hizo, tutazirudia.

Tunatengeneza utepe wa majaribio wenye mistari mitatu: aflatoksini, fumonisini na zearalenoni. Mstari wa aflatoksini haufifii mpaka sampuli ifike mikrogramu 40 kwa kilo. Wa fumonisini nao hufutika hata kwa mahindi yaliyo chini kabisa ya kiwango. Tumeongeza dhahabu (chembe zinazotoa rangi) na kingamwili (protini inayoshika sumu) ili mistari iwe mikali, na mambo yamezidi kuharibika. Tunakosea wapi?
*Mafundi wa maabara, Eneo la Viwanda*

Hapo hapo mlipoongeza.

Aflatoksini B1 ni molekuli ndogo, uzito wake 312 tu. Haina nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja, kama inavyoshikwa protini ya vijidudu kwenye kipimo cha malaria. Ndiyo maana tepe za sumukuvu huendeshwa kwa kugombania: sumu iliyo kwenye sampuli na sumu iliyogandishwa kwenye mstari zote zinaitaka kingamwili ile ile iliyobebwa na chembe za dhahabu. Sumu ya sampuli ikiwahi kuijaza kingamwili, dhahabu hupita mstari bila kunaswa, na mstari hufifia. Mkimwaga kingamwili nyingi, sumu kidogo ya sampuli haitoshi kuijaza yote, na ile inayobaki tupu hukimbilia mstarini na kuupaka rangi kana kwamba mahindi ni safi.

Pigeni hesabu. Gramu 20 za unga katika mililita 100 za methanoli ya asilimia 70, kisha sehemu 1 ya maji hayo kwa sehemu 5 za bafa, kimiminika kinachotuliza pH. Mahindi yenye mikrogramu 10 kwa kilo yanawapa nanogramu 0.33 kwa mililita. Utepe ukinywa mikrolita 100, umepata pikogramu 33 za sumu, yaani pikomoli 0.1 hivi. Nanogramu 100 za kingamwili zina sehemu za kushika karibu pikomoli 1.3, mara kumi na tatu ya sumu yote iliyomo. Nanogramu 10 ndizo zinazokaribiana nayo. Utepe wa kawaida wenye mikrolita 5 za dhahabu nzito hubeba nanogramu 250 au zaidi bila mtu kujua. Kweli, sehemu kubwa ya kingamwili hukaa vibaya juu ya dhahabu na haifanyi kazi, lakini hata mkiipunguza kwa nusu bado mko mbali.

Kwa hiyo, kwa mstari wa aflatoksini, punguzeni pande zote mbili. Tayarisheni dhahabu ya nanomita 40 yenye kingamwili ya mikrogramu 4, 2, 1 na 0.5 kwa kila mililita (mfyonzo wa mwanga ukiwa 1). Upande wa mstari, nyunyizeni aflatoksini iliyofungwa kwenye protini kwa miligramu 0.8, 0.4, 0.2 na 0.1 kwa mililita, mikrolita 1 kwa kila sentimita. Hiyo ni michanganyiko 16. Kila mmoja upimeni kwa mahindi safi na kwa mahindi yenye mikrogramu 10 kwa kilo, mara tatu tatu: tepe 96. Kadi moja ya sentimita 30 ikikatwa milimita 4 hutoa tepe 75, basi kadi mbili zinatosha, na zinabaki za kuharibu. Chagueni mchanganyiko ambao mahindi safi yanatoa mstari mwembamba lakini usio na ubishi, na sampuli ya 10 inaufuta. Msichague ule unaopendeza macho. Baada ya hapo rudieni kwa 5 na kwa 20, mwone mteremko wake.

Kuna jambo linalosahaulika hapa. Kile kipimo cha chumvi cha kutafuta kingamwili ya chini inayozuia dhahabu kuganda kinawaambia dhahabu itatulia wapi. Hakiwaambii utepe utanasa wapi. Mkishuka chini ya kiwango hicho, jazeni nafasi iliyobaki kwa albumini (protini) ya ng'ombe, au kwa kingamwili ya kawaida ya panya isiyotambua sumu yoyote. Hiyo ya pili ina faida ya ziada: mstari wa udhibiti (unaothibitisha kuwa utepe umefanya kazi), ambao hunasa kingamwili za panya, unabaki mwekundu hata mnapobana kingamwili ya aflatoksini. Chembe yenye kingamwili chache pia huzuilika kirahisi, kwa sababu inatosha ibaki na mkono mmoja tu mtupu ili inaswe mstarini. Mikono ikiwa michache, sumu kidogo huijaza yote.

Sasa fumonisini. Kwa maji yale yale, miligramu 2 kwa kilo ni nanogramu 67 kwa mililita, mara 200 ya aflatoksini. Mstari wenu haujaharibika. Una wepesi kupita haja. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kazi ya utepe wa sumu nyingi ni kuufanya kila mstari unase kiasi kidogo iwezekanavyo. Kazi ni kuufanya kila mstari ufutike kwenye kiwango chake. Wa fumonisini ufanyeni mzito: pandisheni kingamwili yake hadi mikrogramu 8 au 10 kwa mililita, na antijeni ya mstarini (sumu iliyofungwa kwenye protini) hadi miligramu 1 au 1.5. Isipotosha, tafuteni kingamwili inayoshika kwa ulegevu zaidi, au wekeni kiasi cha kingamwili ya fumonisini isiyo na dhahabu kwenye pedi ya sampuli, imeze sehemu ya kwanza ya sumu kabla haijafika kwenye dhahabu. Njia hii ya mwisho inafanya kazi, ila inakula kingamwili, na kingamwili si bei ya sukuma wiki. Zearalenoni iacheni mwisho, muirekebishe kwa utaratibu huo huo.

Sharti la yote haya ni kufunga kila kingamwili kwenye dhahabu yake, kisha kuchanganya. Mkizipaka zote tatu kwenye chembe zile zile hamtaweza tena kugusa mstari mmoja bila kuvuruga mingine.

Na kabla ya kugusa chochote, jaribuni jambo la bure. Acheni dhahabu na sampuli vikae pamoja kwenye kisima kidogo cha maabara dakika 5 kabla ya kuchovya utepe. Dhahabu ikiwa kwenye pedi, sumu ina sekunde chache tu za kuifikia kingamwili kabla mstari haujafika. Dakika hizo 5 mara nyingi hushusha kiwango cha kunasa kuliko kemikali yoyote mpya. Fanyeni hivyo kwa joto moja kila siku, tuseme nyuzi 37, kwa sababu meza ya Nairobi mwezi Julai ina nyuzi 18 na ya Februari ina 26, na mtapata majibu mawili kwa mahindi yale yale.

Dhahabu yangu wakati mwingine huwa nyekundu ya mvinyo, wakati mwingine zambarau. Nafuata maelekezo neno kwa neno, yanasema ichemke kwa nyuzi 100.
*Mwanafunzi wa kemia, Kahawa*

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ukingoja 100 utangoja mpaka chupa ikauke. Kinachotakiwa ni mchemko wenyewe, wenye mapovu makubwa, na bomba la kupoza mvuke juu ya chupa ili ujazo usipungue.

Osha vyombo kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki sehemu 1 na hidrokloriki sehemu 3, ndani ya kabati la moshi, kisha suuza kwa maji safi kabisa mara nyingi. Chemsha mililita 100 za kloridi ya dhahabu ya asilimia 0.01 huku ukikoroga kwa nguvu. Mimina kwa mkupuo mmoja mililita 1 ya sitreti ya sodiamu ya asilimia 1. Umanjano utapotea, maji yatakuwa kijivu, kisha zambarau iliyoiva, kisha mekundu. Endelea kuchemsha dakika 15, zima, acha yapoe yakiendelea kukorogwa. Utapata chembe za takriban nanomita 40. Sitreti ikizidi chembe huwa ndogo, ikipungua huwa kubwa, kwa hiyo pipeti iliyochoka ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kubadilika-badilika kwako. Pima mfyonzo wa mwanga: kilele kikae kati ya nanomita 525 na 530. Kikipita 535 na kutanuka kama kilima, imwage, usiipe kingamwili.

Ikiwa zambarau inakuja baada ya kuweka kingamwili, tatizo ni jingine. Kwanza tazama pH. Ipandishe hadi 8.5 hivi kwa kaboneti ya potasiamu ya moli 0.1, tone kwa tone, ukipima kwa karatasi, kwa sababu dhahabu huziba ncha ya kipima-pH cha umeme. Pili, kingamwili nyingi huuzwa ndani ya bafa yenye chumvi, na chumvi ndiyo adui wa dhahabu iliyo uchi. Ibadilishe kwanza iingie kwenye bafa ya boreti ya milimoli 5. Acha dakika 30, ongeza albumini ifike asilimia 1, acha dakika 30 nyingine, kisha zungusha kwa g 7,000 dakika 20, nyuzi 4. Mashine nyingi huonyesha mizunguko, hazionyeshi g: kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 8, mizunguko 9,000 kwa dakika ni kama g 7,200. Ukizidisha, dhahabu hujibana chini ya neli na haiamki tena.

Nanunua tepe zilizotengenezwa tayari. Gunia moja limenipa majibu mawili: asubuhi salama, jioni si salama. Nimeambiwa tepe ni feki.
*Mfanyabiashara wa nafaka, Nyamakima*

Huenda tepe hazina kosa. Aflatoksini haikai sawasawa guniani kama chumvi kwenye mchuzi. Punje moja ya gramu 0.3 ikiwa na mikrogramu 60 za sumu inatosha kuzipandisha kilo 5 za mahindi masafi hadi mikrogramu 12 kwa kilo. Ukichota gorogoro moja juu ya gunia, unacheza kamari.

Chukua bambo, choma gunia juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi uwezavyo ya shehena hiyo, mpaka ufikishe kilo 5. Saga zote tano. Ndiyo, zote, na hapa ndipo watu hukunja uso kwa sababu ya gharama, lakini kusaga gramu 200 kati ya kilo 5 kunarudisha kamari ile ile. Unga uwe laini, robo tatu yake angalau ipite kwenye chujio la milimita 0.85. Unga wa kwanza kutoka mashineni utupe, maana una mabaki ya mteja aliyetangulia. Changanya, gawa mara nne kama mkate, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na nusu kilo, ndipo upime gramu 20 kwa mizani. Kijiko hakitoshi.

Halafu tazama saa. Utepe wa namna hii ukisomwa kwa kuchelewa huendelea kupata rangi, na mstari uliokuwa umefifia hurudi. Maana yake mahindi mabaya yanageuka mazuri mezani kwako. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, ni hizo hizo.

Je, kukuza rangi kwa fedha, au kutumia chembe zinazong'aa badala ya dhahabu, kutatusaidia kushusha kiwango?
*Msomaji, Kabete*

Fedha peke yake, hapana, au kidogo sana. Nitreti ya fedha pamoja na haidrokwinoni huufanya mstari uwe mweusi, lakini kwa kipimo cha kugombania unatafuta mstari uliopungua; ukikuza wote, umekuza pia ule wa sampuli yenye sumu. Faida inakuja pale tu ambapo, kwa sababu rangi sasa ni kali, unapata nafasi ya kubana kingamwili na antijeni zaidi, kama tulivyowaeleza wenzako wa Eneo la Viwanda. Kama utajaribu, suuza utepe kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, la sivyo kloridi ya bafa itakupa ukungu wa kijivu utepe mzima.

Hoja hiyo hiyo inahusu chembe zinazong'aa, ila hapa tuna matumaini zaidi. Vitone vya plastiki vyenye yuropiamu, vya nanomita 200 hivi, husomwa kwa mashine ndogo hata kingamwili ikiwa chache mno. Humulikwa kwa mwanga wa nanomita 365 na kujibu kwa mwekundu wa 615. Mng'ao wao hudumu baada ya taa kuzimwa, hivyo mng'ao wa mahindi yenyewe haukuchanganyi. Jihadhari na rangi za buluu: aflatoksini B nayo hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Hasara ni mashine. Utepe wa dhahabu husomwa na jicho la mtu yeyote aliye dukani.

Mistari yetu imepinda, na mara nyingine wa zearalenoni hutokea hata tukiweka dhahabu ya aflatoksini peke yake.
*Mafundi, Ruaraka*

Ni mambo mawili. La kwanza ni hewa. Utando wa nitroselulosi unanyunyiziwa vizuri unyevu ukiwa kati ya asilimia 45 na 60. Januari na Februari hewa yetu hukauka, utando unajaa umeme tuli na wino unaruka. Wekeni beseni la maji chumbani. Kukausha na kufunga kunataka kinyume: nyuzi 37 usiku mzima, kisha pakiti za karatasi ya alumini zenye silika, unyevu ukiwa chini ya 30. Chumba kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili, hivyo gaweni hata kwa pazia la nailoni na mashine ya kukaushia hewa. Kwa utando wa milimita 25, wekeni mistari kwenye milimita 6, 11, 16 na 21. Aflatoksini tungeiweka ya tatu, kabla tu ya udhibiti, ipate safari ndefu kidogo ya kukutana na kingamwili yake.

La pili ni mwingiliano, na mmefanya vyema kujaribu dhahabu moja moja. Uwezekano mkubwa kingamwili yenu inatambua protini iliyobeba sumu na haiitambui zearalenoni yenyewe. Kama mnyama alichanjwa kwa sumu iliyofungwa kwenye albumini ya ng'ombe, mstarini tumieni albumini ya yai. Wakati mko hapo, ulizeni muuzaji kama kingamwili ya aflatoksini inatambua B2, G1 na G2 pia. Kiwango cha 10 ni cha jumla ya zote nne.

Utepe wa mahindi unaweza kupima maziwa?
*Mfugaji, Ruai*

Hapana. Ng'ombe akila chakula chenye B1 hutoa aflatoksini M1 kwenye maziwa, na kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo, mara ishirini chini ya kile cha mahindi. Ulaya wamefika 0.05. Nunua utepe ulioandikwa M1, ondoa malai kwanza, na usitegemee kuchemsha: M1 haiuawi na moto wa jikoni.

Simu inaweza kusoma mistari badala ya mashine?
*Msomaji, Kasarani*

Inaweza, ukiifungia. Tengeneza kisanduku cheusi chenye taa nyeupe zisizobadilika, zima taa ya simu, na ufunge mwangaza na rangi zisijirekebishe zenyewe. Soma rangi ya kijani ya picha, kwa sababu dhahabu nyekundu hufyonza kijani. Gawanya nguvu ya mstari wa sumu kwa ile ya udhibiti, kisha linganisha na mkunjo uliouchora kwa mahindi masafi uliyotia sumu ya viwango 0, 2, 5, 10 na 20. Usiuchore kwa bafa tupu. Mafuta na wanga wa mahindi hubadilisha mwendo wa maji kwenye utepe. Kila boksi jipya la tepe linataka mkunjo wake.

Sumu ya kulinganishia na methanoli iliyotumika tuzimwage wapi?
*Maabara ya shule, Lang'ata*

Sumu ya kulinganishia kaeni nayo kwenye chupa za kahawia, gizani, kwa glavu, na msiiache kwenye maji tupu ndani ya glasi, kwa sababu hujishika ukutani na kipimo kikapotea. Vyombo vilivyoigusa visuuzeni kwa methanoli, viacheni vikauke, kisha viloweke kwenye dawa ya klorini usiku kucha. Methanoli yenyewe wekeni kwenye dumu lenye lebo na mfuniko, mkabidhi mchukuaji taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Klorini na methanoli zisikutane dumu moja.